Hesabu ya Mizani Haitoshi

Kuna usemi mmoja uliozoeleka mno katika nchi yetu, na kila niusikiapo hunikera. Usemi wenyewe ni huu: mtoto wa mchuma chai hahitaji hesabu nyingi, akijua kusoma mizani na kujua bei ya kilo, imemtosha. Kwetu pwani husemwa hivyo hivyo juu ya mtoto wa mvuvi na wa mkwezi wa minazi. Na wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni wazee wenye huruma, waliochoka kulipa karo wasione tija, nao huuliza swali la haki: hayo mengine yatamfaa nini?

Leo nataka kulijibu swali hilo, wala sitalijibu kwa hotuba. Nitalijibu kwa namba moja tu. Namba yenyewe ni hii: 2,147,483,647. Isome polepole, msomaji: bilioni mbili, milioni mia moja arubaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arubaini na saba. Si bei ya kitu, wala si idadi ya watu wa nchi yoyote. Hata hivyo imo ndani ya simu nyingi, ndani ya mashine nyingi za kuwekea hesabu, na huenda imo ndani ya mizani ile ile ambayo twaambiwa yamtosha mtoto wa mchuma chai.

Nayaandika haya nikiwa Kedowa, mji mdogo ulio karibu na Londiani, kwenye njia ya reli iteremkayo kutoka Mau Summit kwenda Kisumu. Mtu wa pwani akifika huku, jambo la kwanza limpokealo ni baridi, na la pili ni rangi ya kijani isiyokwisha. Chai ya biashara ilianza kushika mizizi katika nchi hii ya Kericho miaka ya 1920, na tangu hapo maisha ya watu yamekuwa ni hesabu. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, huyatupia kapuni mgongoni, kisha huyapeleka mizanini. Kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi ndizo zitoazo kilo moja ya chai kavu. Mkipsigis huhesabu kwa lugha yake: akenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Lakini siku hizi mizani nyingi ni za umeme, nazo zina lugha yao ya kuhesabu, na katika lugha hiyo ndimo inamokaa namba yetu.

Ili tuielewe, tuchukue bao. Sisi watu wa pwani twalijua bao tangu utotoni: safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Sasa weka komwe moja katika shimo la kwanza. Shimo la pili weka mbili, la tatu weka nne, la nne weka nane, na kila shimo liwe maradufu ya lile lililotangulia. Wengi wamekisikia kisa kama hiki katika hadithi ya mfalme wa Bara Hindi na mbao za sataranji, na al-Biruni, yule mwanachuoni mkubwa, aliipiga hesabu hiyo kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Mwanzo utadhani ni mchezo. Ukifika shimo la kumi utatia komwe 512, na jumla ya zote ni 1,023. Ukifika la ishirini utatia 524,288, na jumla ni 1,048,575. Ukifika shimo la thelathini na moja itakubidi utie komwe 1,073,741,824, na jumla ya zote tangu shimo la kwanza itakuwa 2,147,483,647. Hiyo ndiyo namba yetu. Na tazama, katika bao limebaki shimo moja tupu. Shimo hilo usilisahau, tutalirudia.

Sasa tuitazame namba yenyewe. Ukiongeza moja juu yake wapata 2,147,483,648, nayo si kingine ila mbili iliyojizidisha mara thelathini na moja. Ukipunguza moja wapata 2,147,483,646, nayo ni karimu kupita kiasi: wanaweza kuigawana sawasawa watu wawili, watatu, saba, tisa, kumi na mmoja, thelathini na mmoja, hata watu 151 au 331, wala asionewe mtu. Lakini namba yetu, iliyosimama katikati ya jirani hawa wawili, haigawiki. Ipe watu wawili, watatu, mia au elfu, daima utabakiwa na kitu mkononi au utapungukiwa. Namba ya namna hiyo vitabu vyetu vya shule huiita namba tasa: haina ndani yake mafungu yaliyo sawa, ila lile fungu moja la yeye mwenyewe, au mafungu ya moja moja.

Ni rahisi kuyasema hayo. Kuyathibitisha ndiyo kazi. Huwezi kujua kuwa namba ni tasa kwa kuitazama sura yake, kama usivyoweza kujua kuwa jahazi halivuji kwa kuliona likiwa pwani. Yakupasa ujaribu kuigawa. Na kwa namba yetu, kama huna maarifa, itakubidi uijaribu kwa namba tasa zote zisizozidi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700.

Aliyeithibitisha ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, na habari yake ilichapishwa mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa. Sisi tuliosoma vyuoni hatulistaajabii sana hilo, kwani tumewaona mahafidh wasioona, wamebeba msahafu mzima vifuani. Lakini Euler hakutegemea kumbukumbu peke yake. Alionyesha kwanza kuwa kama namba hii ina kigawanyo, basi kigawanyo hicho hakiwezi kuwa cha ovyo: sharti ukikigawa kwa 248 kibaki moja au 63. Kwa hoja hiyo moja aliyafagia maelfu ya majaribio, yakabaki machache ambayo mtu mvumilivu aweza kuyamaliza. Akayamaliza, namba isigawike. Huko ndiko kuhesabu, msomaji: kutumia akili ili kujipunguzia kazi ya mikono.

Basi neno tasa lisitudanganye. Namba hii, ijapokuwa ni tasa, ina uzao. Wazee wa Kiyunani walipenda namba wazitazo timilifu, yaani namba ambayo vigawanyo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe, ukivijumlisha, huirudisha yenyewe. Sita ni timilifu, maana moja na mbili na tatu ni sita. Ishirini na nane ni timilifu, maana moja, mbili, nne, saba na kumi na nne ni ishirini na nane. Euclid alifundisha kuwa mara upatapo jumla ya lile bao letu iliyo tasa, izidishe kwa komwe za shimo la mwisho, utapata namba timilifu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyekufa kiasi cha mwaka 1040, alijaribu kuonyesha kuwa kila namba timilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hiyo, na baadaye Euler alikuja kuthibitisha kuwa ni kweli. Katika karne ya 13, Ibn Fallus aliandika jedwali la namba timilifu kumi, na saba za mwanzo zilikuwa sahihi. Ya nane ndiyo mwana wa namba yetu: 2,305,843,008,139,952,128. Ilingoja mpaka 1772 ndipo ikathibitika.

Hapa ndipo mzee wangu wa Kedowa atakaponikatiza. Atasema: haya yote ni mazuri, lakini ni mapambo. Namba tasa, namba timilifu, yatamfaa nini mwanangu? Namwambia kuwa hayuko peke yake. Mwaka 1811 Mwingereza mmoja, Peter Barlow, mwenyewe mtaalamu wa hesabu, aliandika katika kitabu chake kuhusu mwana huyo wa namba yetu. Alisema kuwa huenda isipatikane kamwe namba timilifu kubwa zaidi, kwani namba hizo ni za kushangaza tu, hazina faida, na hakuna atakayejitaabisha kutafuta iliyo mbele yake.

Barlow alikosea mara mbili. Kwanza, watu walijitaabisha. Utafutaji haujakoma mpaka leo: Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya ukoo huu huu ambayo ikiandikwa ina tarakimu 41,024,320. Pili, namba iliyoizaa ile aliyoiona haina faida ikaja kuwa mojawapo ya namba zitumikazo kuliko zote duniani, na njia iliyopitia ni hii.

Kompyuta haijui kuhesabu kama sisi. Haina vidole kumi. Inajua mambo mawili tu: kupo au hakupo. Lirudie lile bao letu la mashimo 32, lakini safari hii kila shimo liwe na komwe moja au liwe tupu. Thamani ya komwe hutegemea shimo ilimo: ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, ya tatu ni nne, na kuendelea. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi zilitengenezwa kuhesabu kwa bao la namna hiyo hasa, la mashimo 32. Na lile shimo moja lililobaki hutumiwa kuonyesha mali au deni: likiwa tupu, namba ni mali, likiwa na komwe, namba ni deni. Basi hesabu kubwa kuliko zote iwezayo kukaa katika bao hilo ni pale mashimo yote 31 yanapojaa. Nayo ni 2,147,483,647.

Ikifika hapo, ukiongeza moja tu, hutokea jambo la ajabu. Umewahi kuona kilomita za gari kuukuu zikifika 99,999 kisha zikarudi sufuri? Hapa ni kubaya zaidi. Mashimo yote 31 humwagika, komwe moja huangukia katika shimo la deni, na mashine husema bila haya kuwa una deni la 2,147,483,648. Tajiri amekuwa mdaiwa kwa kuongezewa moja!

Usidhani nasimulia ngano. Mwaka 2014 wimbo wa mwanamuziki mmoja wa Korea Kusini aitwaye PSY, uitwao Gangnam Style, ulitazamwa katika YouTube mpaka hesabu ikakaribia ukomo huo, na wenye mtandao ikawabidi wabadilishe chombo chao cha kuhesabia. Wimbo si hoja. Lakini fikiri juu ya chai. Mashine ya bao hilo ikiwekwa ihesabu majani kwa gramu, itajaa katika kilo 2,147,483, na viwanda vingi vya wakulima wadogo hupokea majani zaidi ya hayo kwa mwaka. Ikiwekwa ihesabu fedha kwa senti, itajaa katika shilingi 21,474,836 na senti 47, na hizo si fedha nyingi kwa daftari la ushirika. Mtengenezaji hodari hulijua hilo na hutumia bao kubwa zaidi. Lakini aliye mvivu je? Na ni nani katika kituo cha kupokelea majani atakayemwuliza?

Tena kuna saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, zikianzia mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, ambao kwetu Afrika Mashariki ulikuwa saa tisa za usiku, kuamkia Alhamisi ya Januari mosi. Tangu hapo zahesabu, sekunde baada ya sekunde. Zile zinazotumia bao la mashimo 32 zitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba za asubuhi kwa saa zetu. Wakati huo Kedowa jua bado halijachomoza, na wachumaji wanajitayarisha kushika njia ya mashambani. Sekunde inayofuata, saa ya mashine ambayo haikurekebishwa itaruka nyuma mpaka tarehe 13 Desemba 1901.

Itazameni tarehe hiyo. Desemba 1901 ndio mwezi ule ule ambao reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapanda mpaka nyanda hizi, ilifika ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Mashine itakuwa yamwambia mtu wa Kedowa kuwa reli bado haijafika ziwani, kuwa hapajapandwa hata mche mmoja wa chai Kericho, na kuwa kilo alizopimiwa jana zimepimwa mwaka ambao babu yake pengine hajazaliwa.

Sisemi haya ili kumtisha mtu. Wataalamu walikwisha kulijua jambo hili zamani, na mashine nyingi za siku hizi zina bao la mashimo 64, ambalo kwa kuhesabu sekunde litadumu miaka bilioni 292. Hatari iko katika vyombo vidogo na vikuukuu: mita, mizani, saa za mitambo, vitu vinavyofungwa mahali kisha vikasahauliwa miaka ishirini. Na vyombo vya namna hiyo haviko London tu. Viko kwetu, tena mara nyingi vimekuja kwetu vikiwa vimekwisha kutumika kwingine.

Basi narudi kwenye usemi ule. Mtoto akijua kusoma mizani, amejua kusoma kile mizani inachosema. Hajajua kama mizani inasema kweli. Baina ya mambo hayo mawili kuna tofauti kama ile iliyo baina ya mtu anayesoma hati na mtu anayetia sahihi asichokijua. Hesabu ya mizani humfanya mtu mtiifu kwa mizani. Hesabu iliyo zaidi ya mizani ndiyo imfanyayo mtu aweze kuuliza: chombo hiki chahesabu vipi, na mwisho wake ni wapi? Swali hilo halikuzaliwa kwenye kilo wala kwenye senti. Lilizaliwa kwa watu walioipenda namba isiyokuwa na faida, tangu Ibn al-Haytham mpaka yule kipofu wa St. Petersburg.

Sisi wa vyuoni tulifundishwa mapema kuwa kila chombo cha kuhesabia kina ukomo. Katika hisabu ya abjadi, alifu ni moja na ghaini ni elfu, na herufi zote 28 ukizijumlisha hupati zaidi ya 5,995. Washairi wetu waliutumia uwanja huo mdogo wakafumba humo miaka na majina, lakini walijua ukuta uko wapi. Mtoto wa leo ana chombo chenye uwanja mkubwa mara maelfu kwa maelfu, na ukuta wake haujui.

Kisha kuna jambo la lugha. Katika shule zetu za Kenya, mtoto akifika darasa la nne hesabu yote hugeuka Kiingereza. Tanzania wamezifundisha hesabu za shule za msingi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, nasi twaambiwa Kiswahili hakina maneno. Maneno gani yaliyokosekana? Katika makala haya nimetaja tasa, timilifu, shufwa, kigawanyo, maradufu na ukomo, na sikuazima hata moja kwa Mwingereza. Aliyesali witiri ajua namba witiri ni nini. Aliyecheza bao amekwisha kuishika kompyuta kwa vidole. Na mwalimu wa Kedowa ana Kipsigis chake pia cha kuanzia kwa watoto wadogo. Kinachokosekana ni nia, wala si neno.

Nami kama ilivyo ada yangu, nasema kwa ubeti mmoja:

Hesabu si ya mizani, majani kuyapimia,
Wala si ya mfukoni, noti kuzihesabia,
Ni taa ya akilini, gizani kumulikia,
Mwana akiifikia, hapunjwi na hadanganywi.

Kwa hiyo ombi langu ni la watu wawili. Kwa mwalimu: siku moja katika muhula, acha bei na faida, chora mashimo 32 ubaoni, wape watoto punje za mahindi, nao wajaze maradufu mpaka mahindi yawaishie. Hayatafika hata shimo la kumi na tano, na hawatalisahau somo hilo. Kwa wenye mizani na madaftari ya umeme: waulizeni waliowauzia vyombo hivyo vyahesabu kwa mashimo mangapi, na saa zake zitasema nini asubuhi ile ya Januari 2038. Jibu walilowapa libandikeni ukutani pale pale majani yanapopimwa, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, ili mwenye kapu alisome mwenyewe.